Jembe la Kukodi

Kuna usemi ulioenea miongoni mwa wapiga picha wa Wilaya ya Serengeti, kuanzia Mugumu mjini hadi huku kwetu Nyambureti, kwamba asiyesafisha picha zake kwa Lightroom, programu ya kampuni ya Adobe ya Marekani, si mpiga picha kamili. Vijana huambiwa hivyo hata kabla hawajajua kushika kamera vizuri. Mimi nasema usemi huo unapotosha, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kamera za siku hizi huweza kuhifadhi picha kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza, iitwayo JPEG, kamera huisafisha picha yenyewe, ikaibana na kutupa ilichoona hakina kazi. Kila moja ya rangi tatu za msingi hubaki na ngazi 256 tu za mwanga. Namna ya pili ni picha ghafi, waiitayo RAW. Hapo kamera huhifadhi mwanga kama ilivyoupokea, na ngazi hizo kwa kawaida huwa 4,096 au 16,384. Kwa maneno mengine, picha ghafi ni negativu ya zama hizi, na programu ya kuisafishia ndiyo chumba cha giza.

Kwetu hili si jambo la anasa. Jua la saa sita mchana halina huruma. Mpige picha mzee aliyekaa chini ya mti, nyuma yake shamba linawaka, na uso wake utatoka mweusi usioonyesha macho wala makunyanzi. Ukijaribu kuung'arisha uso huo katika JPEG, utapata mabaka. Katika picha ghafi, mara nyingi uso bado upo, unangoja kutolewa. Kwa hiyo juu ya kupiga picha ghafi sina ubishi na mtu. Ubishi wangu ni juu ya chumba cha giza: ni cha nani, na ufunguo anao nani?

Zamani ulinunua programu, ikawa yako. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba programu zake kubwa zitapatikana kwa kulipia ada tu. Lightroom ya mwisho kuuzwa moja kwa moja ilikuwa toleo la 6 la mwaka 2015, na mwishoni mwa 2017 likaachwa bila marekebisho mapya. Tangu hapo ni kukodi. Mpango wa wapiga picha ulianza kwa karibu dola 10 kwa mwezi. Januari 2025 mpango huo mdogo ulifungwa kwa wateja wapya, nao wakaelekezwa kwenye mpango wa karibu dola 20. Ukiacha kulipa, picha zako unaziona na unaweza kuzitoa, lakini sehemu ya kuzisafishia inafungwa. Ni sawa na jembe la ng'ombe ambalo mwenye duka analifunga kufuli kila mwisho wa mwezi.

Sasa mpiga picha wa kijijini hulipwa lini? Harusi zetu hufuata mavuno. Miezi ya kulima na kupalilia watu hawana fedha za picha, lakini ada haijui msimu.

Wala fedha si jambo zima. Oktoba 2019 Adobe ilitangaza kwamba itafunga akaunti zote za Venezuela kutokana na amri ya serikali ya Marekani. Baadaye mwezi huohuo ilipata kibali, ikaendelea kuwahudumia. Lakini kwa wiki kadhaa wapiga picha wa nchi nzima, ambao hawakumkosea mtu, walikaa wakingoja kujua kama watanyang'anywa zana zao. Apple nayo ilikuwa na programu yake ya picha ghafi, Aperture, iliyoanza mwaka 2005. Mwaka 2014 ikatangaza kuacha kuiendeleza, na waliojenga maktaba zao humo wakalazimika kuhama. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilisuasua Tanzania nzima. Chombo kinachohitaji kupiga hodi kwa mwenye nacho kila baada ya muda hakifai kutegemewa na mtu aliye mbali na mwenye nacho.

Najua watakaocheka na kusema: nani analipa? Kopi za wizi zimejaa kwenye flashi. Ndugu zangu, mwizi wa jembe naye bado anamtegemea mwenye jembe. Kopi hizo huja na virusi, na siku ukinunua kamera mpya, programu kuukuu haizifungui picha zake, wala huna wa kumlalamikia.

Wengine hutoa mfano wa wageni wanaokuja kupiga picha nyumbu na simba hifadhini. Wageni wale wana sababu zao: wakirudi kwao wana mtandao wa kasi, na ada kwao ni bei ya chakula kimoja cha mchana. Kuwaiga katika kutega mwanga ni hekima, lakini kuwaiga katika kulipa ada ni ushamba.

Njia nyingine ipo. RawTherapee ilianzishwa na Gábor Horváth wa Hungaria, na tangu mwaka 2010 imeachwa huru kwa watu wote. darktable ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Zote mbili ni bure kihalali, zote hufanya kazi bila intaneti, na zote huandika kazi yako katika faili dogo linalokaa kando ya picha, huku negativu yenyewe ikibaki bila kuguswa. Mwenye kompyuta dhaifu aanze na RawTherapee, na mwenye yenye nguvu ajaribu darktable. Sisemi Lightroom ni mbaya. Ni nzuri, na katika kuondoa chenga za picha za usiku inazishinda hizi. Tena hizi mwanzoni ni ngumu kujifunza. Lakini hata kulima kwa ng'ombe mtu hujifunza, naye akishajua amejua.

Kisha tufikiri juu ya wenye picha. Huku kwetu mara nyingi picha pekee nzuri ya mzee ni ile aliyopigwa kwenye harusi ya mjukuu. Mzee akifariki, hata miaka 10 baadaye, familia huja kutaka ikuzwe iwekwe kwenye fremu mbele ya jeneza, na mazishi ni kesho. Siku hiyo mpiga picha hana haki ya kujibu kwamba ada yake imekwisha au mtandao haupo. Alipokea fedha zao, akawa mtunzaji wa uso wa baba yao.

Basi kabla ya kuchagua programu, kijana, usiulize wakubwa wanatumia nini. Uliza kama itafunguka siku ambayo huna fedha wala mtandao. Uliza kazi yako inaandikwa wapi. Uliza kama inaijua kamera yako na kama kompyuta yako inaibeba. Mkoa uliomzaa Mwalimu Nyerere haupaswi kufundishwa upya maana ya kujitegemea. Negativu ni yako, na ufunguo wa chumba cha giza uwe mfukoni mwako.