Toa, Lakini Uliza Kwanza
Haipiti wiki bila picha ya mtoto mgonjwa kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, chini yake namba ya simu ya kutuma mchango na ombi la kuisambaza haraka. Watanzania tuna moyo wa kutoa, na moyo huo ndio unaolengwa na matapeli. Tuchange, lakini tuulize kwanza. Kama mgonjwa amelazwa hospitali ya serikali, omba kumbukumbu namba ya malipo: ukiilipia, fedha zinakwenda hospitalini moja kwa moja, hazipiti mfukoni mwa mtu. Kama anayechangisha ni shirika lisilo la kiserikali, sheria ya mwaka 2002 inalitaka lisajiliwe, na kila mwaka litoe taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa. Basi omba namba ya usajili, ihakiki kwa Msajili wa mashirika hayo, kisha uombe hizo hesabu. Shirika safi litakuonyesha bila kinyongo. Na simu inapokuletea jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, lisome: kituo cha yatima ambacho michango yake inaingia kwenye laini ya mtu binafsi kina maswali ya kujibu. Kuuliza si ubahili wala si kumvunjia mtu heshima. Kila shilingi inayoishia kwa tapeli imemkosa mgonjwa wa kweli, na aliyetapeliwa leo, kesho hufumba mkono hata mbele ya mwenye shida.