Feni ya Lori Haina Likizo

Baridi ya Julai hapa Eldoret sote twaijua, hasa sisi wa prepu za alfajiri! Basi utasikia dereva akisema ang'oe feni ya injini, eti lori linywe dizeli kidogo. Mimi sikubali. Kwenye tambarare upepo wa mwendo hutosha. Lakini ukipanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700, umebeba magunia ya mahindi, lori hutambaa. Upepo utatoka wapi? Tena hewa ya huko juu ni nyepesi, haipozi sawasawa. Rejeta ikichemka, gasketi ya hedi ikaungua, dizeli aliyookoa haitamlipa fundi. Kama injini yachelewa kupata moto, aangalie themostati kwanza. Hiyo ndiyo kazi yake.