Kamera Ndogo Ipimwe kwa Kanzu na Buibui

JICHO LA MTAA
Na Zuhura Makame

Ulizia kamera ndogo ya mkononi kwenye duka la Kariakoo, na muuzaji atakutajia megapikseli kabla hajakutajia bei. "Hii ina ishirini, dada, ile ina kumi na mbili tu." Mnunuzi anachukua ya ishirini, anaenda nayo harusini, na picha zikishasafishwa bwana harusi hana uso. Kilemba kinaonekana, joho linaonesha kila uzi wake; sura yenyewe ndiyo imemezwa na giza. Tumekubali kwa muda mrefu kupimiwa kamera kwa vipimo visivyotuhusu. Nashauri tuzipime kwa nyuso zetu, mavazi yetu na taa za majumbani mwetu.

Hizo megapikseli tuzimalize kwanza. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6, ile tunayoisafisha studio, ikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800. Zidisha, utapata megapikseli 2 na kidogo. Ukitaka picha ya ukubwa wa A4 ya kutundika sebuleni, ni kama 9. Zilizobaki kwenye kamera ya ishirini wengi wetu hatutazigusa kamwe, na tukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa njiani na ziada yote inapotea. Kwa kipimo hicho, hata kamera ya miaka 15 iliyopita inatosha.

Yanayotosheleza au kutotosheleza ni mambo mawili ambayo muuzaji hayataji: kihisi na lenzi. Kihisi ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Chukua kamera mbili ninazozipenda kwa sababu tofauti. Ya kwanza ni Canon IXUS 285 HS ya mwaka 2016, nyembamba, gramu 147 pamoja na betri na kadi. Ya pili ni Sony RX100 ya kwanza kabisa, iliyotoka mwaka 2012 kwa dola 650 za Marekani, yenye uzito wa gramu 240. Zote mbili zina megapikseli 20. Kwa lugha ya kaunta, basi, ziko sawasawa.

Haziko sawa hata kidogo. Kihisi cha IXUS kina upana wa milimita 6.2 na urefu wa 4.6, hakifikii punje ya hindi. Cha RX100 ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni mara nne ya kile cha kwanza. Halafu tazama mbele ya lenzi, kuna namba zimeandikwa kwa herufi ndogo. Kwenye IXUS utasoma 1:3.6–7.0, kwenye RX100 utasoma 1.8–4.9. Namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi. Kutoka 3.6 hadi 1.8 mwanga unaoingia unaongezeka mara nne. Mara nne za kihisi kwa mara nne za lenzi, hiyo ni karibu mara 16. Kwenye sebule yenye balbu moja, au ukumbini taa zikishapunguzwa ili keki ikatwe, tofauti ya mara 16 ndiyo inayoamua kama utaona macho ya mtu au utaona chembechembe tu kama picha iliyomwagiwa mchanga.

Ile namba ya pili, 7.0, nayo tuisome. Ndiyo hali ya lenzi ukishaivuta hadi mwisho, na IXUS inavuta mara 12, jambo zuri kwa mzazi aliyekaa nyuma kabisa siku ya mahafali. Lakini kutoka 3.6 hadi 7.0 mwanga unashuka hadi karibu robo. Uwanjani saa nne asubuhi hutagundua. Ndani ya ukumbi, mtoto anapanda jukwaani kupokea cheti na picha inatoka imetikisika. Anayenunua kwa ajili ya kuvuta mbali ajue kwamba ananunua kamera ya mchana.

Sasa nyuso, na hapa sina haraka.

Kamera haijui inampiga nani. Inachokijua ni wingi wa mwanga ulio mbele yake, na imetengenezwa kuamini kwamba picha nzuri, ukichanganya weupe na weusi wake wote, hutoka kijivu cha wastani. Wapange wanaume kumi wa kanzu mbele ya ukuta wa chokaa siku ya Idi. Kamera inaona weupe mtupu, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu zinakuwa za rangi ya majivu na nyuso, ambazo hazikuwa na mwanga wa kupunguziwa, zinazama. Wapange wanawake kumi wa mabuibui na kosa linageuka: kamera inaona giza, inaongeza mwanga, buibui linachujuka na binti wa maji ya kunde anapauka hadi pua haionekani. Kamera nyingi za kisasa hutafuta nyuso na kuzipa uzito zaidi, na jambo hilo husaidia, ila mtu akigeuka ubavu au akivaa miwani ya jua, kamera inarudia hesabu yake ya kijivu.

Dawa ipo, na ni kitufe au mstari kwenye menyu wenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa watu wa kanzu unajumlisha, kwa watu wa buibui unatoa. Kila hatua ni theluthi, kwa hiyo ukipanda hatua tatu mwanga wa picha unakuwa maradufu. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta nikiwa dukani. Humwomba muuzaji asimame mbele ya ukuta mweupe, nampiga picha, nautazama uso wake kwenye kioo cha kamera, kisha napandisha hatua mbili na kumpiga tena. Kwenye picha ya pili mpaka wa shavu na taya unatokea, nywele zinajitenga na paji la uso, na weupe wa jicho hauogelei tena peke yake ndani ya kivuli. Ikiwa kamera haina kipimo hicho, au kimefichwa mbali kiasi kwamba bibi harusi atakuwa ameshapita kabla hujakifikia, irudishe kabatini. IXUS inacho, ila sharti kwanza uitoe kwenye otomatiki uiweke kwenye P. RX100 ina pete inayozunguka lenzi, na unaweza kuipangia kazi hiyo. Unaizungusha kwa vidole huku ukitazama uso ukifunguka.

Jambo hili lina historia, na inauma. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, kazi imekwisha, na wengine wote wapokee kitakachotoka. Watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao walipolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani kwenye filamu, ndipo suala la kahawia lilipoanza kushughulikiwa kwa bidii. Mwaka 2021 Google ilitangaza simu ya Pixel 6 ikiwa na mpango maalumu wa kuitendea haki ngozi nyeusi. Nashukuru, ila hesabu miaka kutoka Shirley hadi hapo.

Na simu nyingine zimekuja na ugonjwa mpya. Ukifungua kamera ya mbele unakuta programu ya urembo imeshawashwa bila wewe kuiomba: ngozi inalainishwa, makunyanzi yanafutwa, rangi inang'arishwa. Mtu mzima wa miaka sabini anatoka kama amepakwa unga. Albamu zetu za familia zitabaki na sura gani za kuwaonesha wajukuu? Kamera ndogo ya kawaida, kwa sehemu kubwa, haina ujanja huo. Ikiachiwa mwanga wa kutosha inamrudisha nyanya wa watu na rangi yake na mikunjo yake. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua mwaka huu, wakati kila mtu ana simu janja mfukoni.

Kuhusu ubora mtupu wa picha sitadanganya: simu ya bei kubwa ya leo ina kihisi kikubwa kuliko cha IXUS, na usiku itaishinda. Lakini simu za bei hiyo tunazo wangapi? Na hata hiyo simu flashi yake ni kataa kadogo kanakowaka muda mrefu. Flashi ya kamera ndogo ni mlipuko mfupi mno, mfupi kiasi cha kumgandisha mtoto aliyeruka hewani. Itumie kwa akili. Inafika mita chache tu, kwa hiyo ukumbi ulio nyuma utakuwa mweusi, na aliye karibu sana atapauka. Jasho la Dar nalo linang'aa kama kioo chini ya flashi. Kitambaa kikavu usoni kabla ya picha kinafanya kazi kuliko programu yoyote. Kwenye RX100 flashi inachomoza juu ya kamera, na ukiishikilia nyuma kwa kidole unaweza kuielekeza darini. Kama dari ni jeupe na si la juu sana, mwanga unashuka laini kutoka juu, na kivuli kikali ukutani kinatoweka.

Video, Wi-Fi na mapambo mengine siyajadili. Yapo, yanafanya kazi, hayabadilishi uamuzi.

Betri inabadilisha. IXUS imekadiriwa kupiga picha kama 180 kwa chaji moja, idadi inayokwisha kabla ya biriani kupakuliwa, na betri yake lazima uichomoe uiweke kwenye chaja yake. RX100 inafika 330 hivi na inachajiwa kwa waya wa USB mdogo, ule wa simu za zamani, unaopatikana kila kibanda. Ukinunua yoyote kati ya hizo nunua na betri ya pili.

Nyingi utakazozikuta ni za mtumba, kwa sababu viwanda viliacha kuzitengeneza kwa wingi. Mwaka 2010 kamera za lenzi ya kudumu zilizosafirishwa na kampuni za Japani zilizidi milioni 100 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Vijana waliozaliwa baada ya filamu ndio wanaozifufua sasa, hadi mwaka 2025 Canon ikairudisha sokoni ndugu yake IXUS hiyo karibu ilivyokuwa, ikabadilisha tundu la kadi kuwa la microSD. Kwa hiyo kagua ya mtumba kama unavyokagua kiatu. Iwashe na kuizima mara kadhaa, sikiliza lenzi ikitoka na kurudi. Ikikwaruza, kuna mchanga, na punje chache za ufukweni zinatosha kuigandisha lenzi nje isirudi tena. Piga picha ya ukuta mweupe, kisha uikuze kwenye kioo utafute madoa. Imulike lenzi kwa tochi ya simu; ukiona nyuzi nyuzi kama utando, huo ni ukungu, na sisi watu wa Pwani unyevu hautuachi. Uliyo nayo ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Wauzaji nao nawaomba jambo moja: wekeni betri zenye chaji kwenye kamera za maonesho, na pembeni ya kaunta mtundike kanga mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, mteja ajaribu mwenyewe.

Kwa mwenye safari, mwenye watoto wanaocheza mpira mchana, mwenye kutaka kitu chepesi cha kumkabidhi hata binti wa darasa la saba, IXUS au nyingine ya ukubwa wake itamfaa, na asilipe zaidi kwa sababu ya megapikseli. Kwa anayepiga picha za ndani, za maulidi usiku, za harusi, za wazee wakiwa sebuleni kwao, ningemwambia aweke akiba miezi kadhaa zaidi achukue RX100, hata kama ni ya mwaka 2012 na imechubuka pembe, ilimradi lenzi yake ni safi na muuzaji amekubali kusimama mbele ya ukuta.