MAMBO YA NYUMBANI: Kuta Zilizoondolewa Karatasi

Bibi mmoja wa Mombasa ametuletea swali ambalo twadhani litawafaa wasomaji wengi. Asema ya kuwa karatasi za mapambo zilizobandikwa chumbani mwake zilianza kubanduka kwa unyevu, naye akaziondoa zote. Sasa ukuta umebaki na mabaka, mashimo na nyufa, na harusi ya binti yake imekaribia. Fundi amemwambia kuwa rangi nzito mara mbili itaficha yote. Je, alifuate shauri hilo?

Twamjibu: la, asilifuate. Rangi haifichi kombo la ukuta, bali hulidhihirisha. Hata sisi tuliwahi kupaka chumba upesi juu ya mabaki ya gundi. Masika hayajaisha, rangi ikawa yabambuka vipande vipande, nasi tukalipa gharama mara mbili.

Kwanza, yapasa kujua unyevu umetoka wapi. Ikiwa bomba au paa lavuja, au maji ya mvua yasimama chini ya ukuta, litengenezwe hilo kabla ya jambo jingine lolote, kisha ukuta uachwe ukauke.

Pili, iondolewe gundi. Hili ndilo wasahaulo wengi. Chukueni maji ya vuguvugu na sponji, mwoshe sehemu ndogo ndogo, na kubadili maji kila yanapochafuka. Ukuta ukikauka, ulowesheni tena kidogo mpapase kwa mkono. Ukiteleza, gundi ingalipo.

Tatu, gongeni ukuta kwa vifundo vya vidole. Pakilia kama pana uwazi ndani, lipu imeachana na jiwe, nayo yafaa ibanduliwe ipigwe upya. Hapa wenye nyumba za kale za mawe na chokaa, kama zile za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, wawe waangalifu. Chokaa huachia unyevu utoke, ilhali saruji huuzuia ndani pamoja na chumvi, hata ukuta ukaharibika zaidi. Chokaa izibwe kwa chokaa, na saruji kwa saruji. Lipu mpya ya saruji ingojewe kama majuma manne kabla ya kupakwa rangi.

Nne, nyufa ndogo zipanuliwe kidogo kwa ncha ya chuma, zipanguswe vumbi, ziloweshwe, kisha zijazwe. Baada ya hapo ukuta ulio kavu, wa lipu ya saruji, usawazishwe kwa tabaka nyembamba za unga wa jasi uliokorogwa kwa maji, zisizozidi milimita 2 kila moja. Tabaka moja ikauke kabla ya kupakwa ya pili, kwa maana tabaka nene hupasuka. Ukuta wa chokaa usawazishwe vivyo hivyo kwa chokaa laini. Usiku, zimeni taa za chumba mmulike kurunzi ubavuni mwa ukuta; kila kilima na kila bonde litaonekana kwa kivuli chake. Tieni alama kwa penseli.

Mwisho ni kupiga msasa laini, na hapa twawasihi wazazi wasikilize sana. Rangi za zamani huenda zikawa na risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto wadogo. Mkishuku hivyo, msipige msasa mkavu. Loweshani ukuta kwanza, funikeni pua na mdomo, mwondoe watoto na vyombo vya chakula, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi wala lisifagiliwe. Kisha pakeni rangi ya kwanza iliyozimuliwa kwa maji ili ukuta uinywe, na baadaye rangi yenyewe. Isiyong'aa ni bora, kwa kuwa mng'ao huonyesha kila kombo.

Kazi hii yote, hata ukuta usipohitaji lipu mpya, haipungui siku kumi. Basi kama harusi ni juma lijalo, twamshauri bibi yetu aoshe ukuta, autandikie kitambaa kizuri, na kuwakaribisha wageni wake kwa moyo mkunjufu. Watakula, wataomba dua, na kwenda zao. Ukuta utamngoja, naye, inshallah, ataupaka mara moja tu.