Maiki Ndefu Haivuki Mto

Siku ya harusi, ya baraza, au ya mgeni mkubwa kutoka Hola, hapa Garsen, kwenye delta ya mto Tana nchini Kenya, humkosi kijana mwenye kamera, na juu ya kamera kitu kirefu cheusi kilichovishwa manyoya. Hiyo ndiyo maiki ya shotgani. Jina lake limetoka kwenye mtutu wa bunduki, na jina hilo ndilo lililotuponza, maana mtu akishika bunduki huamini kwamba cha mbali kitamfikia. Matokeo tunayaona kwenye simu zetu: sura safi kama maji ya mtungi, sauti mngurumo wa pikipiki wenye mtu anayezama ndani yake.

Hoja zinazotetea kazi ya namna hiyo nimezisikia Minjila, nimezisikia Garsen, na Kipini nilikuta zimenitangulia. Nazijibu hapa, nikianza na mama yao.

"Shotgani huvuta sauti ya mbali kama lenzi inavyovuta sura."

Haivuti. Lenzi hukuza, mrija huu hupunguza tu. Ndani yake, karibu na kitako, kuna kapsuli moja ndogo inayopokea sauti, na mbele ya kapsuli ni mrija mtupu wenye nyufa ubavuni. Sauti inayotoka mbele kabisa hupita moja kwa moja na kufika ikiwa nzima. Ya ubavuni huingia kwa nyufa nyingi, kila kipande kikifika kwenye kapsuli kwa wakati wake. Wimbi hili linapopanda lile linashuka, yakakutana na kuuana. Basi, siri yote ni hiyo. Fikra yenyewe ni ya zamani: Mason na Marshall wa Bell Labs, Marekani, walieleza maiki ya fungu la mirija ya urefu tofauti mwaka 1939. Tangu hapo mirija imepungua ikabaki mmoja, lakini hakuna aliyeifundisha kuvuta.

Sasa njoo kwenye umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti ya mzungumzaji hupungua desibeli 6. Kutoka nusu mita hadi mita 1 zimekwenda 6. Hadi mita 2 ni 12. Hadi mita 4 ni 18. Hadi mita 8 ni 24. Maana yake, mtu uliyemnasa vizuri kwa nusu mita, ukirudi nyuma hadi mita 8 msukumo wa sauti yake kwenye maiki umebaki sehemu moja ya kumi na sita, ilhali upepo, mbuzi na jenereta wako palepale. Mrija hufidia kidogo. Pale ambapo maiki inayosikia pande zote ingetaka kukaa sentimita 30 kutoka mdomoni, shotgani fupi yaweza kukaa sentimita 60, labda 90. Faida yote unayoinunua ni hiyo. Si ndogo, kwa sababu yatosha kuitoa maiki nje ya picha. Lakini haitoshi kukutoa wewe ng'ambo ya barabara.

Ukaribu huo tunaujua tangu utotoni: lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya, ule wa 1963, ilichukuliwa kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Wimbo wa namna hiyo huimbwa mapajani. Kati ya mdomo na sikio hakuna hata urefu wa mkono. Ukitaka kumnasa bibi wa leo akiimba hivyo, keti naye mkekani. Ukisimama mlangoni na shotgani yako ya bei mbaya, utarekodi mlango.

Hapo huja swali lililo bora kuliko hoja yenyewe: mbona mvushaji wa mtumbwi aliye ng'ambo ya Tana husikia akiitwa, tena alfajiri? Kwanza anayemwita hasemi, anapaza, na analivuta neno hadi pumzi iishe. Pili, alfajiri hewa iliyogusa maji ni baridi kuliko iliyo juu yake; sauti inayotaka kupaa hupindwa ikarudi chini, ikateleza juu ya mto. Jua likishawaka mambo hugeuka, sauti hupinda kwenda juu, nawe utamwita mvushaji hadi koo likauke. Tatu, na hili ndilo kubwa, mvushaji ana masikio mawili na ubongo unaojua unatafuta nini. Huzitenga sauti za vyura, za ndege na za maji, akabaki na jina lake. Maiki ina sikio moja lisilo na nia. Vyote huvitia kapu moja.

"Sawa, haivuti. Lakini inaua kelele za pembeni."

Huu ndio ukweli nusu niliouogopa. Mrija hufanya kazi dhidi ya mawimbi mafupi kuliko urefu wake, au yanayokaribiana nao. Sennheiser MKH 416, ambayo watu wa filamu duniani wameizoea kwa miongo, ina urefu wa sentimita 25. Wimbi la mngurumo wa hezi 100 lina urefu wa mita tatu na nusu hivi. Kwa wimbi kama hilo mrija haupo kabisa. Kinachobaki ni tabia ya kapsuli yenyewe, ambayo huchuja pembeni kwa kiasi tu na kwa kawaida huwa na kijisikio kidogo upande wa nyuma. Sasa hesabu kelele za Garsen. Pampu ya kunyweshea shamba kando ya mto, lori linaloshika njia ya Lamu, jenereta nyuma ya hoteli, boda boda: zote ni ngurumo. Hasa zile unazotaka zife ndizo zisizouawa.

Zinazokufa ni za juu: s, sh, f, t. Ndiyo maana mtu anayeongea ubavuni mwa shotgani hapotei, bali husikika kama amefunikwa blanketi. Kwenye baraza la wazee watano hili ni balaa. Unamlenga mmoja, wa pili anadakia kutoka pembeni, na alichosema kinabaki irabu bila konsonanti.

Nasimama kidogo hapa, maana si suala la ufundi peke yake. Mapigano ya 2012 na mwanzoni mwa 2013 katika delta hii yaliua watu zaidi ya mia moja, na tangu hapo vikao vya amani kati ya wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma vinarekodiwa na kusambazwa. Mtu huanza kwa Kiswahili, akikolea anahamia Kipokomo au Kiorma. Kiorma ni ndugu wa Kioromo: kina konsonanti za kupasua kwa nguvu, na kurefuka kwa irabu tu kwaweza kubadili neno. Mfasiri akiletewa sauti iliyofunikwa blanketi, atakisia. Kukisia maneno ya mzee kuhusu malisho na njia za kufikia maji si jambo ningelitaka lifanyike kwa jina langu.

"Ichomeke juu ya kamera, umemaliza."

Hii ndiyo tabia iliyoenea kuliko zote, na dawa yake ni rahisi kuliko zote. Maiki ikiwa juu ya kamera, mambo mawili hutokea. La kwanza, umbali wa maiki umefungwa kwenye umbali wa picha. Ukitaka sura pana, sauti nayo inarudi nyuma. La pili halionekani upesi: kelele iliyo nyuma ya mzungumzaji iko mbele ya maiki. Umemsimamisha diwani stendi ya Minjila ili matatu zionekane nyuma yake, nawe umezielekezea matatu mtutu. Hapo mrija hauna la kuchuja, kwa kuwa kote ni mbele.

Ishushe. Ifunge kwenye ufito au mwanzi mrefu, na kishikio cha mpira ili mtikisiko wa mkono usiingie, kisha kijana wa pili aishike juu ya kichwa cha mzungumzaji, nje kidogo ya picha, ncha ikielekea kifuani. Sasa kilicho nyuma ya mdomo, kwa maiki, ni udongo, na udongo haupigi honi. Waya wa mita tatu au tano kutoka kwenye maiki hadi kamera, basi kamera na ikae popote. Nimeambiwa kijana wa pili ni gharama. Ni kweli. Mpe nauli na chakula. Ni rahisi kuliko kurudi Kipini kurudia mahojiano.

Ya upepo sitayachelewesha. "Sponji inatosha" ni maneno ya mtu anayepiga picha chumbani. Kusi ikishika kuanzia Aprili, uwanda wa delta hauna cha kuizuia, na sponji haiwezi. Valisha manyoya, washa kile kichujio cha sauti za chini kama maiki inacho, na mgeuze mzungumzaji mpaka mwili wake au ukuta ukinge. Ukisikia mabubujiko kwenye hedifoni, ni upepo, si bahati mbaya.

"Basi tuingie ukumbini."

Mara nyingi mmejitia pabaya zaidi. Ukumbi wa kuta za simenti na paa la mabati hurudisha sauti kutoka pande zote. Marudio ya juu mrija huyachuja, ya chini huyaacha, na sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Kwenye chumba kama hicho maiki fupi isiyo na mrija iliyo karibu, au ndogo ya kubana kwenye kola, huishinda shotgani. Kama una magodoro na mablanketi ya kutundika, tundika. Mvua ikianza kupiga mabati, zima kamera mnywe chai. Lakini kaunti yetu ya Tana River ina miembe, tena miembe ya kujivunia. Wazee wetu hawakuchagua kukaa chini yake kwa ajili ya kivuli peke yake. Hakuna ukuta wa kurudisha neno.

Kuhusu kuiachia kamera irekebishe sauti yenyewe: mzungumzaji anaponyamaza kuvuta pumzi, kamera hudhani sauti imepotea, ikapandisha, na upepo pamoja na jenereta vikajaa kwenye pengo. Akianza tena, inashusha. Video nzima inapumua kama mgonjwa wa pumu. Weka kwa mkono, sauti ya juu kabisa ikigota karibu na desibeli hasi 12, na uvae hedifoni muda wote. Anayerekodi bila hedifoni ni sawa na anayepiga picha amefumba macho, sijui kwa nini la pili huchekesha na la kwanza halichekeshi.

"Tutasafisha kwenye kompyuta." Mngurumo wa jenereta usiobadilika waweza kupunguzwa, sikatai, na programu za siku hizi zimeendelea sana. Lakini kinachofutwa pamoja na kelele ni zilezile s na f na mipasuko ya Kiorma niliyoitaja. Mwangwi wa ukumbini ni mgumu zaidi, kwa sababu umetengenezwa kwa sauti yenyewe.

Imebaki hoja ninayoiheshimu: "Vifaa hivi ni vya matajiri, sisi tuna simu." Hapo nakubaliana zaidi kuliko ninavyopinga. Simu ya pili, kinasa sauti kimewashwa, ikiwekwa mfuko wa kifuani mwa mzungumzaji, itaishinda shotgani iliyo mita tano. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, ili baadaye uoanishe sauti na picha. Na kama umenunua shotgani ya kutumia na simu, tazama pini kabla ya kulaumu maiki: ya kamera ina michirizi miwili myeusi, ya simu ina mitatu. Ukichomeka isiyo yake, huenda simu isiitambue kabisa ikaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani, nawe hujui hadi ufike nyumbani.

Mwisho, mafuriko. Ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliwakuta wengi ndani ya boti na vifaa mkononi, na ushauri uliozunguka ulikuwa uleule: ikilowa, izike ndani ya mchele. Sisi watu wa delta tunaolima mpunga tungepaswa kuwa wa mwisho kuuamini. Mchele hukausha kidogo mno, na vumbi lake huingia kwenye nyufa zilezile ambazo ndizo maiki yenyewe. Toa betri, futa, iache wazi kivulini penye hewa kavu, kisha uifungie kwenye mkebe na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mchele upelekwe jikoni.