Pampu Kongwe Si Chuma Chakavu

Yako maoni yaliyoota mizizi Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kuhusu mitambo ya zamani, hasa pampu za kuuzia mafuta. Pampu ikishakufa, husemwa, ni chuma chakavu, na mahali pa chuma chakavu ni kwenye mizani ya mnunuzi. Kuikarabati na kuiweka watu waitazame ni starehe ya wastaafu wa Marekani wenye gereji kubwa na fedha za ziada. Katika maeneo yetu ya Masisi na Walikale, ambako watu wanahitaji barabara, dawa na usalama, anayelitaja jambo hilo huonekana amekosa la kufanya. Wengine huongeza kwamba pampu hizo zililetwa na Wabelgiji, kwa hiyo zikiyeyushwa hakuna kilichopotea.

Sikubaliani na maoni hayo, lakini siyadharau. Yanatoka kwa watu walioonja shida. Mwishoni mwa Aprili 2024 mji wa migodi wa Rubaya uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Januari 2025 ikafuata Goma, na Machi mwaka huohuo wapiganaji hao wakaingia Walikale mjini. Mama aliyekimbia Masisi akiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni ana haki ya kuuliza pampu kuukuu itamfaa nini. Namjibu hivi: eneo hili limeumizwa kwa silaha, na limeumizwa pia kwa vipimo. Chombo kinachoonyesha jinsi mnunuzi wa kawaida alivyodai kipimo cha haki, na jinsi alivyokipata, tunakihitaji kuliko wanavyokihitaji hao wastaafu wa Marekani.

Tuitazame pampu yenyewe. Mwaka 1885, mjini Fort Wayne katika jimbo la Indiana, Sylvanus Bowser alimuuzia mwenye duka mmoja pampu ya kutolea mafuta ya taa kutoka kwenye pipa. Magari yalipoenea, mashine hiyo ikahamia kwenye petroli, na papo hapo ugomvi ukaanza. Mafuta yalipita ndani ya bomba, mnunuzi hayaoni. Muuzaji akisema yametoka magaloni matano, nani atambishia? Ndipo zikaja pampu zenye mtungi mkubwa wa kioo juu. Muuzaji alivuta mkono wa pampu mbele na nyuma, petroli ikapanda kutoka tangi la chini ya ardhi na kujaa kwenye kioo chenye alama za kiasi. Mnunuzi aliisoma alama kwa macho yake, kisha mafuta yakateremka kwa uzito wake yenyewe kupitia mpira hadi kwenye gari. Ulaya zilitumika pia pampu zenye mitungi miwili ya lita 5 kila mmoja: mmoja ukijaa, mwingine unamimina. Katika miaka ya 1930 zikaenea pampu zenye mita ya kuhesabu kiasi na bei kwa pamoja, na kioo kikaanza kutoweka.

Wakusanyaji wengi husifu uzuri wa kioo hicho. Mimi nasifu sababu yake. Kiliwekwa kwa kuwa wanunuzi waligoma kuamini kwa kuambiwa tu. Kila hatua ya pampu, kuanzia mtungi hadi mita na muhuri wa mkaguzi, ilitokana na madai ya mtu aliyetaka kupewa alicholipia.

Sasa geuka utazame barabara ya kutoka Sake kupanda Mushaki na kuendelea Masisi. Huko petroli huuzwa na makadhafi, vijana wenye bidoni, chupa na faneli. Dereva wa pikipiki huinua chupa, huitazama imejaa mpaka wapi, hunusa asije akauziwa mchanganyiko, kisha hulipa. Hana kingine cha kumlinda ila macho na pua. Simlaumu kadhafi, maana bila yeye pikipiki nyingi zingelala na wagonjwa wasingefika hospitali. Ninachosema ni kwamba mnunuzi wetu wa leo yuko mahali alipokuwa mnunuzi wa Marekani kabla ya mtungi wa kioo. Kumwambia kwamba historia ya pampu haimhusu ni kumnyima habari za watu waliokuwa na shida kama yake na wakaishinda.

Wala jambo haliishii kwenye petroli. Milima ya Rubaya hutoa sehemu isiyo ndogo ya madini ya koltani ya dunia. Mgodi wa Bisie, katika msitu wa Walikale, mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Kabla ya mgodi huo wa kisasa, wapagazi walibeba kasiteriti, yaani mawe yenye bati, kwa migongo kutoka Bisie hadi Njingala, magunia ya kilo 50 kwenye njia za matope, na ndege zikaja kuyachukua kwenye kipande cha barabara ya lami cha Kilambo. Mzigo huo wote ulipimwa. Swali ni nani aliyeshika mizani. Mchimbaji anayefikisha mfuko wake kwa mnunuzi hutegemea kipimo cha huyo huyo anayefaidika kikisoma pungufu. Serikali ina ofisi ya kazi hiyo: OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la OZAC, ina jukumu la kukagua bidhaa na vipimo. Lakini ofisi peke yake haitoshi pale ambapo raia hajui hata aulize nini.

Hapo ndipo pampu kongwe inapokuwa darasa. Ifungue mbele ya vijana wa shule ya ufundi. Waone pistoni zinavyopokea kiasi kilekile cha mafuta kila mzunguko, na mzunguko unavyogeuka kuwa namba. Waone skrubu ndogo ya kurekebishia, ambayo ikizungushwa kidogo lita inapungua bila mteja kujua, na waya wenye muhuri wa risasi unaofungwa ili mtu asiiguse kwa siri. Kisha wamimine maji kwenye chombo cha lita 20 kilichothibitishwa, walinganishe namba ya mita na alama ya chombo. Kijana aliyelifanya hilo kwa mikono yake hatatazama tena mizani ya madini kwa woga. Atauliza ilikaguliwa lini na muhuri wake uko wapi.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya ukoloni: kwa nini tumtunzie Mbelgiji vitu vyake? Wanaosema hivyo wanachanganya kutunza na kusifu. Pampu ya enzi hizo ni ushahidi. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyopewa madaraka ya kugawa ardhi kubwa kwa walowezi na kampuni. Kuanzia 1937 mpango wa serikali ya kikoloni ulihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuzipeleka Gishari, Masisi, na mashamba ya walowezi yakapata nguvukazi. Mpaka leo tunalipa gharama ya maamuzi hayo. Mahali zilipowekwa pampu, na mahali ziliponyimwa, panaonyesha barabara zilijengwa kwa ajili ya nani. Ukiiyeyusha pampu, ukoloni hauyeyuki nayo. Kinachoyeyuka ni ushahidi.

Hapa nataka tuachane na mtindo wa wakusanyaji wengi wa Marekani, wanaokwangua pampu mpaka chuma cheupe na kuipaka rangi mpya inayong'aa, wakaweka na taa ya kuiga juu yake. Kwetu tabaka za rangi ni kumbukumbu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuhamishia biashara za wageni mikononi mwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na katikati ya miaka hiyo ya 1970 usambazaji wa mafuta ukawekwa chini ya kampuni ya serikali, Petro-Zaïre. Nembo zilifutwa, zikachorwa nyingine, baadaye zikarudi. Pampu iliyopita humo inaweza kubeba historia hiyo yote kwenye ngozi yake. Fundi mwenye busara huzuia kutu, hulainisha kilichoganda, na rangi ya zamani huiacha ilivyo.

Tena, ni nani aliyesema watu wa hapa hawajali mashine? Chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, huchongwa kwa mikono, magurudumu yake huvikwa mpira wa matairi yaliyochakaa, na hushuka kutoka Masisi na viazi, makaa na mbao. Mwaka 2009 Goma ilisimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu katikati ya mzunguko wa barabara. Watu waliokipa chombo chao cha kazi heshima hiyo hawahitaji kufundishwa kutunza. Na mafundi wanaorudisha injini za malori ziimbe tena kwa vipuri vya kuokoteza wanao ujuzi ambao wakusanyaji wa ng'ambo huulipia fedha nyingi.

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya Goma. Siku nne baadaye kituo cha mafuta kililipuka kwa joto la lava hiyo na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota petroli. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 230. Pampu iliyowekwa penye watu ingekuwa mahali pa kuwakumbuka marehemu hao na pa kuwafundisha watoto tabia ya mvuke wa petroli, usioonekana na usiosamehe.

Inabaki hoja ya vita na umaskini. Hii ndiyo ya kweli kuliko zote, na ndiyo inayotutaka tuanze kwa kazi ndogo. Nairobi ilifungua makumbusho yake ya reli mwaka 1971, na Kinshasa ilipata jengo jipya la makumbusho ya taifa mwaka 2019. Masisi haihitaji jengo ili kuanza. Inahitaji mtu wa kupiga picha pampu palepale ilipo, kuandika jina la kiwanda na namba iliyochorwa kwenye bati, na kukaa na mzee aliyewahi kuwa pompisti, yaani muuzaji wa kwenye pampu, amsimulie nani alipewa mafuta na nani alirudishwa mikono mitupu. Daftari hubebeka hata watu wakikimbia. Pampu yenyewe, mwenyewe akiridhia, ihifadhiwe chini ya paa la shule au parokia.

Anayeigusa azingatie usalama. Tangi na mabomba yasikatwe wala kuchomelewa kabla ya kusafishwa na fundi anayejua, kwa maana mvuke hubaki miaka. Masalia ya mafuta na rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara mwaka 2006 tu. Kwa hiyo rangi isikwanguliwe kavu, na watoto wasikae karibu wakati wa kazi.

Ndugu mwenye kituo cha zamani, usiuze kwa kilo kabla hujamwonyesha mwalimu wa ufundi. Ndugu mnunuzi wa chuma, kikikufikia chombo chenye mita na muhuri, uliza kwanza kimetoka wapi. Nanyi walimu wa Masisi na Walikale, ombeni mtambo mmoja, hata uliovunjika, mfundishe nao lita ni nini. Watu wanaojua kupima ni vigumu kuwaibia, na elimu hiyo thamani yake inapita bei yoyote ya chuma.