Tulipende Boga na Ua Lake

Wahenga wetu walisema: ukipenda boga, penda na ua lake. Methali hii twaitumia sana arusini, bwana arusi anapousiwa awapende wakwe na mashemeji. Leo naomba ruhusa niirudishe jikoni ilikotoka, kwani huko ndiko ilikosahauliwa.

Sisi wa Pwani hatuwezi kudai kuwa hatulijui boga. Ikiingia Ramadhani, boga la nazi halikosi kwenye futari. Hukatwa vipande, likatiwa maji kidogo tu kwa kuwa lenyewe lina maji mengi, kisha tui zito hutiwa mwisho pamoja na sukari na iliki, moto ukiwa mdogo ili tui lisikatike. Lakini ukiandama mwezi wa Shawwal, boga hugeuka mgeni. Na majani yake je? Wengi wetu wa mijini huyaona ni chakula cha mbuzi.

Huko Nyacheki, upande wa Bobasi katika Kaunti ya Kisii, mambo ni mengine. Mashamba ni madogo, watu ni wengi na mvua ni ya kutosha. Basi boga hutambaa katikati ya mahindi na migomba bila ya kudai shamba lake peke yake. Majani machanga, ambayo wenyewe huyaita risosa, huchumwa, vikonyo vikamenywa nyuzi, yakapikwa peke yake au pamoja na chinsaga, ndiyo mgagani wetu, ili kupunguza ukali wake. Boga lenyewe huchemshwa na ganda lake, likaliwa kwa chai asubuhi. Mbegu hukaushwa zikakaangwa. Hakitupwi kitu.

Hata hivyo, huko nako nimeona jambo lililonisikitisha. Katika nyumba moja niliyokaribishwa, boga lilikuwa limeiva na harufu yake imejaa ua mzima, ilhali mama mwenye nyumba alikuwa akimnong'oneza mtoto akimbie dukani akanunue mkate. Nikamwambia, "Mama, hilo lililoko jikoni ndilo nilitakalo." Akacheka kwa haya: "Mzee, mgeni wa kutoka Mombasa nimpe boga?"

Wallahi, sikumlaumu. Nani aliyetufundisha kuwa kitokacho dukani ni heshima, na kitokacho nyuma ya nyumba ni aibu? Mama yule alilipanda boga lake, akalipalilia, akalipika. Mtoto aliyetumwa na shilingi mkononi alijifunza somo moja tu: kazi ya mamake haitoshi kuandaliwa mgeni. Somo hilo hutolewa Mombasa, Lamu na Malindi pia, tena kila siku. Aidha, Mwislamu asafiriye bara hana chakula chepesi cha moyo kuliko hicho, kwani boga halina haja ya kuulizwa limechinjwa na nani.

Wasomaji wangu mwaijua hadithi ya Anas bin Malik, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwandalia mkate wa shayiri na mchuzi wa nyama kavu na dubbaa. Anas alimwona Mtume akizifuata dubbaa pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo naye akazipenda. Tuseme kweli: dubbaa ni mung'unye, binamu wa boga, kwani maboga haya yetu asili yake ni Marekani, na yalivuka bahari baada ya mwaka 1492. Lakini funzo ni lile lile. Fundi yule aliandaa alichokuwa nacho, na mbora wa viumbe akakila kwa furaha.

Basi, enyi akina mama na akina baba, boga zima lenye kikonyo chake, likiwekwa pakavu, hukaa miezi. Linunueni, lipikeni hata nje ya Ramadhani, na majani yake msiyatupe. Na mgeni akibisha hodi limo jikoni, lipakueni bila ya kunong'ona.